Alama za Kikombe Zirudi Kihambani

Siku ya mzani kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu hufika ghalani mapema. Wapo wanaobeba viroba kichwani, wapo wa baiskeli, na siku hizi wengi huja kwa bodaboda. Misimu michache iliyopita nilisimama kwenye foleni hiyo pamoja na shangazi yangu. Alikuwa na kilo 41 za pachimenti, yaani kahawa iliyokwisha kumenywa, kuvundikwa, kuoshwa na kukaushwa, ikiwa bado ndani ya ngozi yake nyembamba. Kwa jioni tatu nilikuwa nimemwona akiichambua kwenye ungo, punje kwa punje, akitupa pembeni zilizopasuka, zilizopauka na zilizotobolewa na wadudu.

Mbele yetu alikuwepo kijana mmoja ambaye kahawa yake ilinuka uvundo hata ukiwa hatua mbili nyuma yake. Karani akatia mkono kirobani, akaitazama, akapima, akaandika stakabadhi, kahawa ikamwagwa kwenye lundo. Ikafika zamu yetu. Mkono, mzani, stakabadhi, lundo. Bei ileile. Shangazi hakusema neno pale ghalani. Tulipofika kwenye mfereji, njiani kurudi, ndipo akaniambia: "Mwanangu, mwakani sichambui."

Maneno yale ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Kuna mazungumzo mengi sasa kuhusu kahawa maalumu, mashindano ya ubora na minada ya mtandaoni ambako kilo moja ya kahawa huweza kununua ng'ombe. Nafurahi kuyasikia. Lakini kila ninapoyasikia namkumbuka aliyeamua kwamba mwakani hachambui, nikajiuliza mashindano haya yatamfikia kwa njia gani. Maoni yangu ni kwamba yana thamani kwa mkulima mdogo pale tu majibu ya kikombe, yaani alama na maelezo ya waonjaji, yanaporudi mpaka mlangoni kwake, kwa jina lake. Yasiporudi, hiyo ni biashara ya watu wengine iliyopambwa kwa picha ya mkulima.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaojadili ubora mezani mara nyingi huisahau. Tunda jekundu lililochumwa leo linatakiwa kumenywa leo. Likilala, huanza kuchacha ndani ya ganda bila mpangilio. Likishamenywa, punje zenye utelezi huvundikwa siku moja, moja na nusu, au zaidi kama mahali pana baridi. Mama aliyezoea hujua zimeiva kwa kuzisugua kiganjani, maana utelezi ukiisha punje hukwaruza kama changarawe. Kisha huoshwa, huanikwa kwenye vichanja, hugeuzwa mara nyingi kwa siku, hufunikwa jua la adhuhuri linapokuwa kali na jioni umande unapoanza kushuka, mpaka unyevu ufikie asilimia 10 hadi 12. Ni siku kumi, wakati mwingine wiki mbili, za mtu kutokwenda mbali na nyumbani. Na kosa dogo hapa halifutiki mbele ya safari. Punje chache zilizokwama kwenye mashine ya kumenyea tangu jana, zikitoka na za leo, hugeuka kuwa zile ambazo waonjaji huziogopa kuliko zote: punje zinazonuka. Moja tu kati ya hizo ikisagwa pamoja na nzima, kikombe kizima kimekwenda.

Sasa turudi kwenye lile lundo la ghalani. Kilo 41 safi za shangazi haziwezi kuliinua, ila kiroba kimoja chenye uvundo chaweza kulishusha lote. Methali ya samaki mmoja akioza huwa tunaisema juu ya watu. Kwenye kahawa ni jambo la kupimwa kwa kijiko.

Na kijiko chenyewe hufanya kazi hivi. Muonjaji hupima gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa kila mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi, vikombe vitano kwa kila sampuli. Huwekwa vitano makusudi, ili kama kuna punje mbovu ijitokeze hata katika kimoja. Hunusa unga mkavu, hunusa tena maji yakishamiminwa, baada ya dakika nne hivi huvunja utando ulioelea juu kwa kijiko, kisha huionja kwa kuivuta kwa nguvu ili isambae mdomo mzima. Hutoa alama kwa harufu, ladha, ladha inayobaki, uchachu, uzito mdomoni, uwiano, utamu, usafi wa kikombe na mengine, na jumla ni 100. Kahawa inayofika 80 ndiyo huitwa maalumu. Fomu za kuonjea zimeanza kubadilika miaka hii, ila 80 bado ndiyo namba inayotajwa na wanunuzi. Kwenye shindano la kimataifa la Cup of Excellence, siku hizi mstari wa ushindi ni 87.

Mkulima wetu amefundishwa namba za aina nyingine. Muulize kahawa yake ni nzuri kiasi gani, atakutajia AA. Lakini AA ni ukubwa wa punje: zile zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya milimita 7 hivi. PB ni punje ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda, ile ambayo Wamarekani wameizoea na kuipenda ikiwa na jina la Tanzania. Ukubwa unaeleza kitu, kwamba mti ulikunywa maji na kula mbolea ya kutosha, na una bei yake mnadani. Ila AA iliyotoka kwenye lundo lililovunda itanuka kama lundo lake. Chekeche halina ulimi.

Na ulimi ndio tulionyimwa. Nyumbani kwetu tulikunywa chai. Bibi alikunywa chai ya maziwa, babu alikunywa mbege, na kahawa ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba na viatu vya Krismasi. Sikumbuki hata siku moja kikombe cha kahawa ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, kikiwekwa mezani. Wahaya wa Kagera wana historia tofauti, na naiheshimu sana: kabla mkoloni hajafika walikuwa wakichemsha robusta, aina ya kahawa ya kwao, pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna, wakamkaribisha nayo mgeni, na walipochanjiana undugu walitumia punje mbili za tunda moja. Pwani nako kuna kahawa chungu na kashata barazani. Lakini sisi wa arabika, aina nyingine ya kahawa, wa Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, wengi wetu tumelima kwa vizazi vitatu au vinne zao tusilolijua ladha. Ni kama kupika maisha yako yote bila kuruhusiwa kuonja mchuzi.

Kuna kisa kinachoonyesha gharama ya jambo hili vizuri kuliko takwimu. Katika miaka ya 1930 mbegu za kahawa kutoka misitu ya Gesha, kusini magharibi mwa Ethiopia, zililetwa Afrika Mashariki, zikapita Kitale nchini Kenya, zikafika kituo cha utafiti cha Lyamungo, wilayani Hai. Mwaka 1953 mbegu kutoka Lyamungo zilipelekwa Costa Rica, na kutoka huko zikaingia Panama miaka ya 1960. Watafiti walizithamini kwa kustahimili ugonjwa wa kutu ya majani. Wakulima wa Panama hawakuzipenda sana: mti mrefu, matawi dhaifu, mavuno haba. Miaka ikapita miti hiyo ikiwa imesimama katikati ya mingine, matunda yake yakimwagwa pamoja na ya mingine.

Kisha familia ya Peterson, wenye shamba la Hacienda La Esmeralda huko Boquete, ikaamua kutenga mavuno kwa kila kipande cha shamba na kuonja kila kipande peke yake. Kipande kimoja kilikuwa na harufu ya maua ambayo hawakuwa wamekutana nayo. Wakaipeleka kahawa hiyo kwenye shindano la Best of Panama mwaka 2004, ikashinda, ikauzwa dola 21 kwa ratili (karibu nusu kilo), bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana kwenye mnada wa aina hiyo. Agosti 2025, Geisha, kama kahawa hiyo ya Gesha inavyoitwa sokoni, ya shamba hilohilo, mzigo wa kilo 20, ilinunuliwa na kampuni ya Dubai kwa zaidi ya dola 30,000 kwa kilo moja.

Sikisimulii ili watu wa Hai waanze kuota bei za Dubai. Esmeralda ni shamba kubwa lenye mtaji, na jirani yangu ana nusu hekta chini ya migomba. Nakisimulia kwa sababu ya lile tendo la katikati, kutenga na kuonja. Mti ule ulipita Lyamungo. Ulisimama Panama kwa miongo minne. Katika muda wote huo ladha yake ilikuwa ileile, na bei yake ikawa ya kahawa nyingine yoyote, kwa sababu hakuna aliyeitenga akaionja.

Mashindano ya kisasa yalizaliwa kutokana na dhiki. Mwaka 1999 Brazili ilifanya shindano ambalo baadaye likawa Cup of Excellence. Ilikuwa inajulikana kwa wingi, kahawa yake ikihesabiwa kuwa ya kujazia michanganyiko ya wengine, na bei ya dunia ilikuwa inateremka kuelekea shimo la mwaka 2001, iliposhuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Wakulima wenye kahawa nzuri walihitaji mlango wao. Sampuli zikapewa namba ili muonjaji asijue ni ya nani, jopo la ndani likachuja, jopo la kimataifa likaonja tena na tena, na washindi wakapigiwa mnada kwenye intaneti. Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano hilo mwaka 2008, Burundi ikafuata 2012, Ethiopia 2020. Kwa ukanda wetu wote kuna Taste of Harvest ya AFCA, chama cha kahawa bora za Afrika chenye makao Kampala, ambako nchi wanachama huchuja kahawa zao kisha zilizo bora kukutana na za majirani, robusta zikiwemo.

Hapo kwenye robusta nisimame kidogo. Kagera imedharauliwa muda mrefu kwa sababu ya neno hilo moja, kana kwamba robusta haiwezi kuwa na usafi wala utamu. Kumbe nayo ina utaratibu wake wa kuonjwa na alama zake, na robusta ya Karagwe iliyochumwa nyekundu na kukaushwa kwenye kichanja ni kitu kingine kabisa ukilinganisha na ile iliyokwanguliwa mbichi na kuanikwa chini. Makala nzima ingefaa kuandikwa juu yake.

Sasa nani huingia kwenye mashindano haya? Tufanye hesabu ya kihamba. Miti 300, kila mmoja ukitoa nusu kilo ya pachimenti kwa mwaka, na mibuni mingi ya kizee haifiki hapo. Hizo ni kilo 150. Zikikobolewa hubaki kama kilo 120, mifuko miwili ya kilo 60. Ukichambua ukatoa zenye kasoro, unapungukiwa tena. Mnada wa kimataifa hautaki kusumbuka na mzigo wa namna hiyo. Unataka mifuko kadhaa ya kahawa inayofanana. Kwa hiyo mlango umejengwa kwa kimo ambacho familia peke yake haikifikii, na ndiyo maana Rwanda na Burundi kahawa nyingi zimeingia kwa jina la kituo cha kuoshea, ambacho hukusanya matunda ya mamia ya kaya, pengine maelfu.

Rwanda inastahili kusomwa kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, karibu kahawa yao yote ilikuwa ya daraja la chini, imemenywa kienyeji, haina jina. Walichoanza nacho kilikuwa maji na mashine: ushirika wa Maraba, kusini karibu na Butare, ulipata kituo cha kuoshea, vikafuata vingine kwa makumi, na leo ni zaidi ya 200. Waonjaji wa Kinyarwanda wakafundishwa. Wakulima wakaonjeshwa. Shindano la 2008 lilipokuja liliwakuta tayari wana kitu cha kupeleka. Wanaopenda kuanza na jukwaa na kombe wangeangalia kwanza mpangilio huo wa matukio.

Lakini hata kwa mpangilio huo mzuri swali langu linabaki. Kituo kikishinda, jina la kituo ndilo linalosomwa. Faida inafika kaya kwa kaya kupitia malipo ya pili, nyongeza inayolipwa kahawa ikishauzwa, na ukubwa wa malipo hayo unategemea nani mwenye kituo: kama ni ushirika, mkutano huamua, kama ni mtu binafsi, hutegemea moyo wake na mkataba wake. Na yule mama aliyeleta ndoo ya matunda mekundu tupu hajui kama ndoo yake ndiyo iliyochangia zile alama 90, au ndiyo iliyozipunguza.

Ethiopia ilionyesha njia nyingine. Mwaka 2020 zilikusanywa sampuli zaidi ya 1,400, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa mkulima mmoja wa Sidama, ambaye kahawa yake iliuzwa dola 185.10 kwa ratili. Habari ile ilinipa furaha ya kweli. Mtu wa kawaida, kwa jina lake. Ila furaha ikipoa, akili inauliza habari za wale wengine wote. Walitoka na nini? Hapa ndipo natofautiana na wapenzi wengi wa mashindano. Wao hutazama kilele. Mimi naona faida kubwa imelala katikati ya orodha, kwa yule aliyepata 78. Akirudishiwa karatasi inayosema: "Kikombe kina ladha ya punje mbichi, kiko kizuri kwenye uchachu, vikombe viwili vina uvundo," huyo anajua la kufanya Julai ijayo, wala hahitaji mkopo wala mfadhili kulifanya. Kutoka 78 kwenda 82 ni kuchuma mara tatu badala ya mara moja na kuosha mashine. Asiporudishiwa kitu, amepoteza sampuli yake na matumaini yake kwa pamoja, na safari ijayo hatapeleka.

Hapa naipenda sana njia ya jimbo la Minas Gerais, Brazili. Tangu 2004 shindano la jimbo lao linaendeshwa na EMATER, shirika la ugani la serikali ya jimbo. Ugani na shindano vimekaa nyumba moja. Sisi tumevitenga: ugani uko halmashauri, shindano likija hukaa hotelini mjini kwa siku mbili, na bwana shamba wa kata husikia matokeo kama sisi tunavyoyasikia.

Wakati vipande tunavyo vyote. Lyamungo kuna TaCRI, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 2001, ambayo imetoa aina mpya za kahawa zinazostahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, na miche yake imefika vijijini. Moshi kuna Bodi ya Kahawa na mnada, na kahawa inayokwenda mnadani huonjwa na kupangwa madaraja kabla ya kuuzwa. Tafadhali lisome tena jambo hilo: kahawa yetu inaonjwa tayari. Taarifa ya kikombe ipo. Mnunuzi huipata kabla ya kupandisha bei. Katika ghala la kijiji chetu, miaka yote niliyoingia humo, sijawahi kuiona imebandikwa ukutani. Kilichobandikwa ni kilo na makato.

Kuna watu ambao karatasi hiyo ingewafaa kuliko wote, nao ni wanawake. Kwa mila za Wachagga, ndizi ni za mama na kahawa ni ya baba. Mti ni wa baba, uanachama wa ushirika uko kwa jina la baba, stakabadhi huandikwa jina la baba, na malipo huingia kwenye akaunti ya baba. Sasa tazama ubora unatengenezwa na mikono ya nani. Nani huchuma akichagua nyekundu? Nani huamka kusugua punje kiganjani? Nani hukimbia kufunika vichanja mawingu yakitanda, akaacha chungu jikoni? Tofauti kati ya 79 na 84 ni kazi ya mama karibu yote, na tofauti hiyo ikilipwa hulipwa kwa aliyeandikwa kwenye daftari. Shangazi yangu ni mjane, ndiyo maana stakabadhi ina jina lake. Alisubiri kufiwa ili aandikwe. Shindano lolote la wakulima wa kifamilia linaloandika jina moja kwenye cheti limeanza kwa kosa. Fomu iwe na nafasi ya majina ya wote walioifanya kazi, na zawadi igawanywe kufuata majina hayo. Najua wapo wazee watakaonuna. Wanune.

Nitaambiwa kwamba bei ikipanda haya yote ni mapambo. Februari 2025 bei ya arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, jambo ambalo wengi wetu hatukutarajia kuliona. Bei ikiwa juu hivyo, mnunuzi anachukua chochote kilichokauka, na pengine hata ambacho hakijakauka. Nani atalala macho akichambua? Hoja hii ina nguvu, na nimeiona ikifanya kazi. Bei nzuri isiyotofautisha safi na chafu humfundisha mkulima kuharakisha. Huwaamsha pia wale wanaonunua kahawa ikiwa bado ua, kule Kagera wanaita butura, Mbinga wanaita magoma: mtu ana mgonjwa au mwana amefukuzwa ada, anachukua pesa Februari kwa kahawa ya Julai, kwa sehemu ndogo ya thamani yake. Aliyeuza ua hana sababu hata moja ya kusubiri tunda liive. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini kahawa inachumwa mbichi, usianze na semina ya ubora. Uliza familia ilikuwa na shida gani mwezi wa pili.

Ila bei hizi hupanda na kushuka. Waliokuwa watu wazima mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika, wanakumbuka. Waliokata mibuni mwaka 2001 wakapanda nyanya na mahindi wanakumbuka. Mwaka 2019 ratili ilikuwa chini ya dola moja. Siku bei itakaposhuka tena, lundo lisilo na jina litashuka nalo lote, na aliyekuwa na mnunuzi anayelijua jina lake atakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Jina hilo hujengwa bei ikiwa juu, kukiwa na fedha kidogo ya kuvumilia.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu lundo. Lina heshima yake. Babu zetu walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933, kwa sababu mtu mmoja mwenye kiroba kimoja hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi. Kuchanganya kahawa ndiko kulikowapa nguvu ya kukataa bei mbaya, wakajenga shule kwa nguvu hiyo. Sitaki kuona ushirika ukivunjwa ili wakulima kumi hodari wa kila kijiji wakauze peke yao na kuwaacha mia tatu nyuma. Mwaka 2001 kilianzishwa chama cha Kilicafe, kwa msaada wa shirika la TechnoServe, kikiunganisha vikundi vya wakulima kutoka Kilimanjaro mpaka Mbeya na Mbinga, na kikauza moja kwa moja kwa wanunuzi wakubwa wa Marekani kahawa ya viwanda vidogo vya vikundi. Kilithibitisha kwamba watu wanaweza kukaa pamoja na bado wakatenga.

Ninachokiomba ni malundo mawili ghalani, na kijiko kati yao. Kila mwanachama alete sampuli ya msimu. Gramu 350 za kahawa iliyokobolewa zinatosha kwa ukaguzi wa kasoro. Zipewe namba. Zionjwe hapohapo kijijini, siku ya mkutano, wenye kahawa wakiwa wamekaa wanatazama na kuonja pamoja. Waliopita alama fulani, tuseme 82, kahawa yao iende lundo la kwanza, iuzwe peke yake, na malipo ya pili ya lundo hilo yawe yao. Mlango ubaki wazi kila msimu, ili wa mwaka huu aweze kutoka na wa mwaka jana aweze kuingia. Lundo hilo ndilo litakaloingia Taste of Harvest au shindano jingine lolote, likiwa na orodha ya majina nyuma yake, kaya 30 au 40 zinazojuana na kukaguana mashine. Gharama yake kubwa ni kikaangio kidogo, kinu cha kusagia, na muonjaji. Huyo muonjaji namtaka atoke humohumo. Vijana wetu wa kidato cha nne wamekaa vijiweni wakisema kahawa ni ya wazee. Nimewaona wawili watatu wakionjeshwa vikombe vitano kwa mara ya kwanza, na sura zao zilibadilika walipogundua kwamba wanaweza kutofautisha kikombe kipi ni cha nani.

Baada ya siku ile ya mzani, shangazi alikuwa amebakiza kilo moja na nusu kwenye mtungi. Nilimwomba, nikampelekea rafiki yangu mmoja wa Moshi anayefanya kazi ya uonjaji. Akaikoboa, akaikaanga, akapanga vikombe vitano. Majibu aliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari: alama 83, utamu wa miwa, uchachu kama wa chungwa, kikombe kimoja kati ya vitano kina dalili ya uvundo.

Shangazi aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Pale kwenye uvundo alinyamaza, halafu akasema ni mashine ya kumenyea, ile wanayoazimana nyumba nne, kwa sababu zamu yake huja jioni baada ya wenzake na hakuna anayeiosha katikati. Hakuwa ameulizwa. Aliikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia, ambamo huweka stakabadhi zake. Nilipokuwa naaga akanishika mkono.

"Na yule kijana aliyekuwa mbele yetu," akaniuliza, "ya kwake imepata ngapi?"

Nikamwambia ya kwake haijaonjwa na mtu.